Kwa nini VVU vinashuka na homa ya ini C haitikisiki kwa wanaojidunga unga

Mwaka 2005 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha barua fupi kuhusu Dar es Salaam. Mtafiti Sheryl McCurdy na wenzake walieleza walichokikuta kwa baadhi ya wanawake wanaotumia heroini jijini. Mmoja akishajidunga kete yake, huvuta damu yake irudi kwenye bomba la sindano mpaka lijae, kisha humkabidhi mwenzake asiye na hela, naye hujidunga damu ile. Waliamini kwamba imebeba unga wa kutosha kumwondolea mwenzao arosto: kutetemeka, kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa na usiku usio na usingizi unaomkuta mraibu akikosa dozi.

Ni rahisi kusikia habari hii na kugeuza uso. Lakini tazama kilichokuwa kinatendeka pale. Mwenye kidogo alikuwa anamgawia asiye nacho. Ilikuwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa inapitisha maambukizi kwa ukali usio na kifani. Tena hata faida iliyotarajiwa karibu haikuwepo. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Heroini ikiingia mshipani huchanganyika na damu yote hiyo na kuanza kuvunjwa ndani ya dakika chache, kwa hiyo mililita chache zinazorudi kwenye bomba zina chembe ndogo mno ya dawa. Virusi havipungui kwa hesabu hiyo. Katika damu ya mtu mwenye VVU asiyetumia ARV, mililita moja tu inaweza kuwa na makumi ya maelfu ya virusi. Kwa mwenye homa ya ini C, hesabu hiyo hufika mamilioni.

Ukubwa wa tatizo ulionekana tafiti zilipoendelea. Katika utafiti mmoja wa Dar es Salaam wa katikati ya miaka ya 2000, watu 42 kati ya kila 100 wanaojidunga walikuwa na VVU. Kwa wanawake peke yao walikuwa 64 kati ya 100. Wakati huo kiwango cha Tanzania nzima kwa watu wazima kilikuwa kati ya asilimia 5 na 7. Mwaka 2011, uchunguzi uliofanyika Temeke ulikuta kama theluthi moja ya wanaojidunga wana VVU na zaidi ya robo wana alama za homa ya ini C kwenye damu. Nairobi mwaka huohuo, karibu mtu mmoja kati ya watano wanaojidunga alikuwa na VVU.

Takwimu zinazonikaa zaidi kichwani, hata hivyo, ni za Zanzibar. Visiwani VVU ni vichache kwa watu kwa ujumla, chini ya asilimia 1. Kwa wanaojidunga, upimaji wa 2007 ulikuta asilimia 16, na ule wa 2012 ukakuta kama asilimia 11. Hatua njema. Homa ya ini C kwa watu walewale ilikuwa kama asilimia 27 mwaka 2007, na miaka mitano baadaye ilikuwa bado asilimia 25. Kisiwa ni kilekile, maskani (vijiwe vya waraibu) ni zilezile, njia ya kuambukizana ni ileile ya damu, ila kirusi kimoja kilirudi nyuma na kingine hakikutikisika. Ukielewa sababu ya tofauti hiyo, sehemu kubwa ya fundo hili imeshafunguka.

Virusi vinavyohusika hasa ni vitatu: VVU, homa ya ini B na homa ya ini C. Vyote hupita kwenye damu, ndiyo maana huwekwa kapu moja, lakini tabia zao zinatofautiana sana. Homa ya ini B ndiyo inayoambukiza kwa urahisi kuliko vyote. Mhudumu wa afya asiyechanjwa akijichoma kwa bahati mbaya na sindano iliyotoka kwa mgonjwa wa homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika asilimia 30. Kwa VVU, ajali hiyohiyo huambukiza kama mara 3 katika kila 1,000. Kirusi B huishi nje ya mwili, hata kwenye tone la damu lililokauka, kwa siku 7 au zaidi. Homa ya ini C haiambukizi kwa urahisi kama B, ila ina sifa nyingine mbili mbaya: inavumilia muda mrefu ndani ya vifaa, na inakaa mwilini kimya miaka mingi bila mwenyewe kuhisi chochote.

Hapo kwenye vifaa ndipo pa kukaa kidogo, maana ushauri wa miaka mingi umekuwa sentensi moja: usichangie sindano. Sentensi hiyo ni ya kweli na inaokoa watu. Kwa VVU inafanya kazi kubwa, kwa sababu njia yao kuu kwa mtu anayejidunga ni damu iliyobaki ndani ya sindano na bomba. Kwa homa ya ini C haitoshi. Unga huchanganywa na maji kwenye kijiko au kifuniko cha chupa, kisha huvutwa kupitia kipande cha pamba. Watu wawili wenye sindano zao mpya kabisa wanaweza kukaa mezani pamoja na kuchangia kijiko, maji na pamba. Mmoja akirudishia sindano aliyokwisha kuitumia kwenye kijiko kile, damu isiyoonekana kwa macho inatosha. Wakiondoka pale, kila mmoja ataapa kwamba hajawahi kuchangia sindano, na atakuwa anasema ukweli.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani walionyesha kwamba kirusi cha homa ya ini C kinaweza kubaki hai ndani ya bomba kwa hadi siku 63. Miezi miwili! Ilitegemea aina ya bomba. Mabomba yanayochomolewa sindano hubakiza tone la maji na damu pale shingoni hata ukisukuma mpini mpaka mwisho. Yale madogo yenye sindano isiyochomoka, kama ya insulini, hubakiza kiasi kidogo zaidi. Kwa nchi inayonunua vifaa kwa ajili ya watu hawa, uamuzi wa bomba lipi linunuliwe ni uamuzi wa ni virusi vingapi vitavuka kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kusuuza kwa maji hakuviui. Jiki hupunguza hatari ya VVU ikitumiwa kwa makini na kwa muda wa kutosha, jambo ambalo mtu mwenye arosto na mikono inayotetemeka halifanyi, na kwa homa ya ini haitegemeki.

Sasa swali ambalo watu huuliza kwa hasira: kwa nini wachangie, wakati wanajua? Kwa sababu kujua ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Karibu kila mraibu wa pwani ameshasikia habari za VVU. Kinachomfanya ashike bomba la mwenzake ni kwamba arosto imeshampanda, duka la dawa limefungwa au muuzaji amemkatalia kwa kumtazama tu, na bomba lililopo ni hilo. Tena kuna polisi. Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inahesabu hata kumiliki kifaa cha kutumia dawa hizo kuwa kosa. Mtu anayejua hivyo hatembei na sindano safi mfukoni. Anaiacha geto, anaificha uchochoroni, au anatumia ya aliyemkuta. Msako unapopita maskani, watu hutawanyika na kujidunga haraka mahali penye giza, na haraka hiyo haina kijiko cha mtu mmoja mmoja.

Kwa wanawake kuna jambo la ziada. Wengi wao hudungwa na mtu mwingine, mara nyingi mpenzi aliyewaingiza kwenye unga, na anayemdunga mwenzake kwa kawaida huanza na mkono wake mwenyewe. Mwanamke anakuwa wa pili kwenye sindano. Kisha wengi hupata hela ya kete kwa kuuza mwili, na mteja mwenye hela zaidi ndiye asiyetaka kondomu. Njia mbili za VVU zinakutana kwa mtu mmoja. Zile 64 kati ya 100 hazikutoka kwenye uzembe wa wanawake. Zilitoka kwenye mpangilio wa nani anashika bomba na nani anashika hela.

Kujidunga kwenyewe hakukuwepo pwani siku zote. Heroini ilianza kuonekana Mombasa, Malindi, Lamu, Zanzibar na Dar katika miaka ya 1980, ikishuka na njia ya bahari kutoka Asia, na kwa miaka mingi watu waliivuta. Iliyokuwepo ilikuwa ya kahawia, brauni shuga, ambayo huvutwa vizuri kwa moshi lakini haiyeyuki kwa urahisi kwenye maji. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikaingia nyeupe. Hiyo huyeyuka kirahisi na kwa moshi inapotea nyingi, kwa hiyo mwenye hela kidogo akaona sindano inampa zaidi kwa kete ileile. Mabadiliko ya bidhaa yakabadilisha njia ya kutumia, na njia hiyo ikafungulia virusi mlango. Yote hayo yalitokea katika miaka michache, kabla idara za afya hazijajiandaa.

Ili tusidhani kwamba kirusi kinachagua watu kwa tabia zao, Misri inatosha kuwa ushahidi. Kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya huko iliendesha kampeni ya kutibu kichocho vijijini kwa sindano za mshipa. Wahudumu wa serikali, kwa nia njema, walitumia mabomba ya kioo mara nyingi bila kuyachemsha vya kutosha. Matokeo yake Misri ikawa na homa ya ini C nyingi kuliko karibu nchi yoyote duniani, kwa wakulima ambao hawajawahi kuona heroini. Damu ya mtu mmoja ikiingia kwenye mshipa wa mwingine, kirusi hakiulizi sindano ilikuwa ya nini. Na Misri hiyohiyo ndiyo iliyopima watu wazima wapatao milioni 50 kuanzia 2018, ikatibu mamilioni, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kuwa nchi ya kwanza kufikia kiwango cha juu cha hatua kuelekea kuitokomeza homa ya ini C.

Fundo jingine liko kwenye vipimo. Hapa watu wengi huumia bure.

Kipimo cha haraka cha homa ya ini C, kile cha tone la damu ya kidole, hutafuta kingamwili. Kingamwili ni alama kwamba mwili ulishawahi kukutana na kirusi. Hakisemi kama kirusi bado kimo. Kwa kila watu 100 wanaoambukizwa, kama 30 mwili wao hukifukuza wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote, lakini kingamwili zao hubaki, mara nyingi kwa maisha yao yote. Hali ni hiyohiyo kwa aliyetibiwa akapona. Watu hawa wote wakipimwa kwa kipimo cha haraka, jibu litakuwa chanya. Anayeambiwa pale "una homa ya ini C" na kurudishwa nyumbani bila kipimo cha pili amepewa nusu ya jibu. Kipimo cha pili hutafuta kirusi chenyewe, na ndicho kinachosema nani anahitaji dawa. Upande wa pili pia una hatari: anayepimwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa anaweza kupata jibu hasi, kwa kuwa kingamwili bado hazijatosha kuonekana.

Kwa VVU mambo ni tofauti: mtu mzima mwenye kingamwili zilizothibitishwa ana kirusi, basi. Pengine mazoea hayo ya VVU ndiyo yanayofanya hata baadhi ya wahudumu wasome jibu la homa ya ini C vibaya. Homa ya ini B nayo ina njia yake: kinachotafutwa kwanza ni kipande cha ganda la kirusi kwenye damu, na kikikaa zaidi ya miezi 6 ndipo inaitwa sugu. Mtu mzima akiambukizwa B, mara nyingi mwili huishinda, na wachache tu, chini ya 5 kati ya 100, hubaki nayo. Kwa mtoto mchanga ni kinyume: kama 90 kati ya 100 hubaki nayo. Ndiyo maana mama mjamzito anayejidunga, au ambaye mume wake anajidunga, anastahili kupimwa B mapema.

Nani ataugua kweli? Homa ya ini C ikibaki mwilini bila tiba, kati ya watu 15 na 30 katika kila 100 watapata ini lenye makovu ndani ya miaka 20, na wengine saratani ya ini. Miaka 20 ni mirefu. Mtu aliyeanza kujidunga Magomeni au Majengo mwaka 2000 akiwa na miaka 22, hata kama aliacha unga zamani na sasa ana familia na duka, anaweza kuwa ndiyo kwanza anafika kwenye umri ambao ini linaanza kudai. Hawa walioacha ndio wanaosahaulika kabisa. Hawaendi kliniki za waraibu kwa kuwa si waraibu tena, na hawataki mtu ajue walikotoka.

Kwa hawa na kwa wengine wote, habari njema ni kwamba homa ya ini C inapona. Narudia kwa sababu bado watu wengi hawaamini: inapona kabisa, kirusi kinatoweka. Dawa za vidonge, mfano sofosbuviri ikiunganishwa na daklatasviri, humezwa kila siku kwa wiki 12, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona. Sofosbuviri ilipoidhinishwa Marekani Desemba 2013, bei yake kwa wiki hizo 12 ilikuwa dola 84,000, yaani dola 1,000 kwa kidonge kimoja. Leo tiba nzima kutoka viwanda vya dawa zisizo na chapa inaweza kununuliwa kwa chini ya dola 60 katika nchi zinazonunua kwa mpango. Kilichobaki ni kumfikia mgonjwa. Mashine za GeneXpert, ambazo hospitali nyingi za Afrika Mashariki zinazo kwa ajili ya kifua kikuu, zinaweza kupima kirusi cha homa ya ini C zikiwekewa katriji yake.

Zipo tahadhari mbili. Kupona hakuleti kinga: ukipona na kuchangia kijiko tena, unaambukizwa upya. Na kabla ya kuanza vidonge, mgonjwa lazima apimwe homa ya ini B, kwa kuwa kirusi B kilicholala kinaweza kuamka C inapoondolewa. C haina chanjo. B inayo, tena nzuri. Tanzania iliiingiza kwenye ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002, na Kenya ilifanya hivyo kipindi hichohicho, maana yake ni kwamba karibu kila aliyezaliwa kabla ya hapo hajachanjwa isipokuwa aliitafuta mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wanaojidunga wapewe chanjo hiyo kwa ratiba ya haraka, dozi 3 ndani ya wiki 3, badala ya miezi 6 ambayo wengi hawatairudia.

Tukirudi kwenye lile swali la Zanzibar, sasa jibu linajitokeza. Yaelekea VVU vilipungua kwa sababu hatua nyingi zilivilenga vyenyewe: upimaji, ARV zinazoshusha wingi wa virusi mwilini, kondomu, na ujumbe wa kutochangia sindano. ARV hazigusi kirusi C. Kondomu haizuii kijiko. Vidonge vya kujikinga na VVU vilipunguza maambukizi kwa karibu nusu kwa wanaojidunga waliofanyiwa majaribio Bangkok, lakini kwa homa ya ini C havikingi kitu. C haishuki mpaka mtu apate vifaa safi vyote, si sindano peke yake, na apate njia ya kutojidunga kabisa.

Njia hiyo kubwa ni methadoni. Ni dawa ya maji inayonywewa mbele ya mhudumu mara moja kwa siku. Inazuia arosto kwa zaidi ya saa 24, kwa hiyo mtu anaamka asubuhi bila mwili kumlazimisha kutafuta kete. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, ikafuatiwa na Mwananyamala na Temeke, na baadaye Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Zanzibar ilianza 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi na Kisauni. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba tiba ya aina hii hupunguza hatari ya VVU na ya homa ya ini C kwa kama nusu. Ikiunganishwa na sindano safi za kutosha, hatari ya C inapungua kwa karibu robo tatu. Mambo mawili yakienda pamoja yanazaa zaidi kuliko kila moja peke yake.

Kuna kitu kuhusu methadoni ambacho familia haziambiwi vya kutosha. Rifampisini, dawa ya msingi ya kifua kikuu, huharakisha ini kuivunja methadoni. Nevirapini na efavirenzi, ARV zilizotumika sana zamani, hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa aliyetulia kwa miezi akianzishiwa dawa za TB, ndani ya wiki moja au mbili arosto inaanza kumrudia usiku. Mkewe anasema ameanza tena tamaa. Mhudumu asiyejua anamshuku. Yeye mwenyewe anajilaumu, kisha anarudi maskani, na kule sindano inamsubiri. Dozi ilikuwa inahitaji kupandishwa tu. ARV za sasa zenye dolutegraviri zimeondoa tatizo hilo upande wa VVU, lakini upande wa TB bado lipo, na kifua kikuu kwa watu hawa ni kingi. Dozi ya TB ikimalizika, methadoni nayo lazima ipunguzwe kwa uangalifu, la sivyo inaweza kumzidi mgonjwa ikamuua. ARV zenyewe zina mtego wake: ndani yake mna tenofoviri, ambayo pia inazuia homa ya ini B. Mwenye virusi vyote viwili akiacha ARV ghafla, B inaweza kulipuka na kuharibu ini ndani ya wiki chache.

Ugawaji wa sindano safi ndio unaoleta mabishano makali. Mpango wa kwanza unaojulikana ulianza Amsterdam mwaka 1984, na walioudai walikuwa watumiaji wenyewe, kwa hofu ya homa ya ini B. Kenya ilipouanzisha miaka ya 2012 na 2013, viongozi wengi wa dini wa pwani waliupinga, wakiona ni kumpa mtu silaha ya kujiulia. Naielewa hofu yao. Ni hofu ya mzazi. Lakini tafiti za miongo mitatu hazikuonyesha kwamba sindano safi huongeza idadi ya wanaojidunga. Zinachoonyesha ni kwamba mgawaji ndiye mara nyingi mtu wa kwanza anayemfikisha mraibu kwenye methadoni. Mombasa, taasisi ya Kiislamu ya MEWA imekuwa miongoni mwa zinazohudumia waraibu kwa njia hizi, na Malindi mradi wa Omari umehudumia waraibu tangu miaka ya 1990. Kuala Lumpur, Malaysia, methadoni ilianza kutolewa ndani ya msikiti mwaka 2010. Hoja kwamba dini hairuhusu si ya mwisho kama inavyotajwa.

Kwa walio nyumbani na ndugu anayejidunga au aliyeacha, virusi hivi haviambukizi kwa kula sahani moja, kulala chumba kimoja, kukumbatiana wala kutumia choo kimoja. Wembe, mashine ya kunyolea, kikata kucha na mswaki visichangiwe. Kila mtu wa nyumba hiyo achanjwe homa ya ini B. Soba hausi, yaani nyumba zinazowapokea vijana wanaotaka kuacha unga, hasa zile za Unguja zinazojaa, zingeweza kuanza na kipimo na chanjo siku mtu anapoingia, kabla hata ya kuzungumzia mengine.

Na kwenye dirisha la methadoni, mgonjwa anakuja kila siku ya Mungu, hata Ijumaa, hata siku ya Idi. Vidonge vya homa ya ini C ni vya siku 84. Nchini Kenya waliotibiwa kwa kumeza dawa hizo mbele ya mhudumu, palepale wanapokunywa methadoni yao, wengi wao walipona. Ukiwa na ndugu anayehudhuria kliniki hiyo, mwambie aulize mambo matatu kwa mhudumu: nimepimwa kirusi C chenyewe au kingamwili tu, nimechanjwa B, na dawa nyingine ninazotumia zinaigusa methadoni yangu? Akiwa ameshatibiwa C, aombe kipimo cha kirusi wiki 12 baada ya kumaliza vidonge, na baada ya hapo mara moja kila mwaka maadamu bado anajidunga. Kile cha kidole kitaendelea kusema chanya hata akiwa mzima.